Sauti ya Kipa wa Kiringye

Ninyi vijana mnaosimama kandoni mwa teren, kiwanja chetu cha mpira, na simu zenu, mnarekodi mabao tu. Nimewatazama. Mpira ukivuka katikati kwenda upande wa pili, hakuna hata mmoja wenu anayegeuka kumtazama kipa aliyebaki nyuma peke yake. Halafu ninyi hao hao mnakuja kwangu kuniuliza: Mama Nabintu, gardien mzuri, yaani kipa wa kweli, tunamjuaje? Kaeni basi. Zimeni hizo simu. Nitawaambia, na ndani yake kuna mambo ambayo baadhi ya wakubwa wa mji huu hawapendi yasemwe. Wasipopenda, nyumba yangu wanaijua.

Mpaka nilipostaafu nilikuwa mwalimu wa mazoezi katika shule moja ya sekondari hapa Nyamianda, mjini Uvira. Hiyo ndiyo kazi iliyonilisha. Kazi niliyoipenda ilikuwa nyingine: kuzunguka viwanja vya shule, kuanzia mjini mpaka bonde la Ruzizi, nikitafuta makipa. Kule Bukavu kulikuwa na chuo kimoja cha ualimu chenye idara ya michezo. Kila mwaka kiliwapa nafasi ya masomo wanafunzi wachache waliojua mpira, na macho yake huku chini yalikuwa haya yangu.

Walinicheka, bila shaka. Mwanamke anajua nini kuhusu mpira wa miguu? Nilikuwa kipa wa handiboli nilipokuwa msichana, niliwajibu, na meno haya ya mbele si ya kuzaliwa nayo. Ukishapigwa mpira wa uso na ukarudi kusimama pale pale, unajua jambo moja ambalo mtia mabao hatalijua kamwe.

Aliyenifundisha kutazama alikuwa Mzee Faustin, mpakiaji wa mizigo bandarini Kalundu, ambaye zamani alilinda goli la timu ya wapakiaji. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kila kimoja na njia yake. Mwanzoni nilimpelekea kijana mmoja mrefu, mzuri wa kuruka. Jamani, alivyokuwa anaruka! Mwili unanyooka hewani kama anapigwa picha. Mzee Faustin akamtazama kwa muda, akanigeukia.

"Mwalimu, mutoto anaruka vizuri."

"Umeona eeh?"

"Anaruka vizuri sana. Shida, anaruka mupira ikiisha kuingia."

Nikatazama tena, na kweli. Mpira ulikuwa unafika wavuni kwanza, ndipo kijana anaruka, na mama yake anapiga makofi. Tangu siku ile niliacha kudanganywa na miruko.

Mzee Faustin alinifundisha kumtazama kipa mpira ukiwa mbali. Je, anasogea na mpira, au anaongea na wasichana walio nyuma ya goli? Alinifundisha kutazama miguu kabla ya mikono, kwa sababu kipa anayepishanisha miguu akienda pembeni lazima ajikwae siku moja, na atachagua siku ya fainali. Tulikuwa tunawapeleka ufukweni, tunauchovya mpira ziwani na kuwatupia ukiwa umelowa na umejaa mchanga, maana mvua ya kwetu haingoji mchezo uishe. Zaidi ya yote alisema: mtazame akishafungwa. Kama anamtafuta mtu wa kumlaumu, mwache aende akacheze muziki.

Kipa wangu Bukuru sikumwona kwenye teren. Nilimwona kwenye matofali.

Ilikuwa wakati wa vita, ile ya pili ya nchi yetu. Watu walikuwa wanakimbia kutoka bondeni kuja mjini, na wa mjini wanakimbilia milimani, na kesho yake wanarudi wote. Kamiyo moja, lori la mizigo, ilisimama karibu na shule kushusha matofali ya kuchoma. Vijana walipanga mstari, wa juu anamrushia wa chini, wa chini anampasia mwenzake. Mikononi mwa wengine matofali yalikuwa yanalia pa! pa! na mengine yanavunjika. Kwa kijana mmoja mwembamba hapakuwa na mlio wowote. Tofali likija, mikono yake inalifuata kidogo njia lilikokuwa linakwenda, kisha inalituliza kifuani. Hata moja halikuvunjika. Nilisahau nilikokuwa ninakwenda.

Nikamfuata. "Unaitwa nani?"

"Bukuru."

"Unasoma?"

Akatikisa kichwa kukubali. Wazazi wake walikuwa wamebaki Kiringye, kule bondeni, kulinda shamba, naye alikuwa anakaa kwa shangazi yake hapa Nyamianda. Alikuwa ameandikishwa shuleni kwetu wiki ile ile. Nilimwambia kesho aje kwenye teren. Akatikisa kichwa tena. Nilidhani ni mwenye haya.

Alikuja, na nikaanza kumfinyanga. Mikono alikuwa nayo tayari, lakini miguu ilikuwa ya mkulima, mizito, inayopenda kusimama mahali pamoja. Tuliifanyia kazi asubuhi kwa asubuhi, akiruka kamba, akipita katikati ya mawe niliyoyapanga. Mipira ya kona aliiogopa kwa muda mrefu, halafu akaacha kuiogopa. Ikafika siku nikaanza kusema moyoni: huyu ni wa Bukavu.

Ila kulikuwa na kasoro moja, na kwa kipa kasoro hiyo ni kubwa kuliko zote. Alikuwa hasemi. Kipa anaona teren yote. Ndiye anayemwambia beki kuna mtu nyuma yako, toka, niachie, nenda kulia. Kipa asiyesema ni sawa na dereva aliyefumba macho. Siku moja katika mazoezi mpira wa juu ulikuja, Bukuru akautokea kimya, na beki wetu Kashindi, ambaye hakujua kwamba kipa anakuja, akaruka pia. Waligongana vichwa nikasikia mlio. Kashindi alikaa chini, damu inamtoka kwenye nyusi.

"Kwa nini hauite?" nikampigia Bukuru kelele. "Kinywa unacho cha nini? Cha kula ugali tu?"

Alinivuta pembeni. Akasema polepole, ndipo kwa mara ya kwanza nikasikia sentensi nzima kutoka kwake.

"Mwarimu, nikifungua tu kinywa, batu banajua minye natoka wapi."

Mwarimu. Si mwalimu. "Minye" na "batu", yaani mimi na watu, hapa tunasema sote; kilichomfichua ni ile "r". Kwao ni watu wa bondeni wanaosema Kirundi, na Kirundi hakina ile "l" yetu. Familia yake ilikuwa imelima Kiringye tangu enzi za mababu, lakini katika miaka ile hakuna aliyeuliza habari za mababu. Mtu alisikilizwa ulimi. Sokoni, njiani, kwenye bomba la maji, neno moja likikutoka vibaya unaitwa mgeni, unaitwa adui, na baada ya kuitwa hivyo lolote lingeweza kukupata. Shangazi yake alikuwa amemwonya: mitaani usiseme kitu.

Na mimi ni nani? Mimi ni Mfuliiru wa Lemera, kule milimani. Waliokuwa wanawasikiliza watu ndimi ni watu wangu. Na wao pia walikuwa wamefiwa, wamechomewa nyumba, wana machungu yao, silifichi hilo. Lakini mtoto alikuwa mbele yangu na mikono ile, na kinywa kimefungwa kwa hofu ya neno "kulia". Niliona hasira ikinipanda mpaka masikioni. Si juu yake.

Nilijaribu njia ya mkato. Nikamwambia atumie Kifaransa, aseme droite kwa kulia, gauche kwa kushoto. Alijaribu. Mpira ukija taratibu, Kifaransa kinatoka vizuri kabisa. Ukija kwa kasi, kinywa kinakimbilia nyumbani, na anachopiga ukelele ni "kuria!" halafu anajiziba mdomo kwa glavu, na wakati anajiziba, goli limeingia.

Aliyetuokoa alikuwa Kashindi, akiwa na plasta juu ya jicho. Naye ni Mfuliiru kama mimi, baba yake alikuwa ameuawa njiani mwaka ule ule, na nilikuwa ninaogopa atasema nini. Alimsogelea Bukuru.

"Sikia. Unataka kuvunja kichwa yangu mara ya pili?"

Bukuru akatikisa kichwa kukataa.

"Basi sema. Sema kuria. Minye nitaenda kuria. Kama batu banacheka, bacheke. Kichwa iko yangu."

Tulicheka sisi sote, Bukuru mwenyewe akacheka. Kuanzia siku hiyo niliwapeleka wawili wale ufukweni. Bukuru anasimama kwenye mchanga, Kashindi namweka mbali karibu na mitumbwi iliyogeuzwa, na kazi ya Bukuru ni kuita mpaka Kashindi asikie juu ya mawimbi. Kwanza ilitoka sauti ya mtu anayeomba radhi. Baadaye ikawa sauti. Mwisho akina mama waliokuwa wanaanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wakaja kuniambia mtoto wako anatupasua masikio. Nilifurahi kama mtu aliyepewa zawadi.

Ikaja fainali ya mashindano ya shule. Siku moja kabla yake, prezida, yaani mwenyekiti, wa komite ya michezo ya mji alikuja shuleni. Alikuwa mfanyabiashara, mtu wa maneno makubwa, na viatu vyake vilikuwa vinang'aa hata wakati wa matope.

"Mwalimu Nabintu, gardien huyu tumutoe. Iko mwingine kwenye banc, anakaa anangoja tu."

"Mwingine hashiki mpira. Anaupiga makofi."

"Unajua vizuri ninasema nini. Batu hawatakubali. Weye mwenyewe ni mwana wetu wa Lemera, unaweza kutuletea maneno sababu ya mutoto wa Barundi?"

"Minye ninachagua gardien," nikamwambia. "Kama unataka kuchagua kabila, nenda kafungue timu ya kabila. Utaona nani atashika kona."

Kesho yake Bukuru alikuwa golini. Teren ilijaa mpaka watu wakapanda juu ya ukuta. Walianza naye mapema, wakimwita majina ambayo sitayarudia hapa. Nilimwona anasinyaa. Dakika za mwanzo hakuita hata mara moja, na goli tulilofungwa lilitokana na ukimya wake: mabeki wawili wakatazamana, mpira ukapita katikati yao. Kiwanja kikalipuka kwa vicheko.

Hapo ndipo nilimtazama kama Mzee Faustin alivyonifundisha. Hakumtafuta mtu wa kumlaumu. Alikwenda kuuokota mpira wavuni, akaupangusa kwa fulana yake, akampa Kashindi, akavuta pumzi. Shambulio lililofuata likaja upande wetu na Bukuru akafungua kinywa.

"Kashindi! Kuria! Kuriaaa!"

Naapa ilisikika mpaka ziwani. Kashindi akaenda kulia, mpira ukampata pale pale. Watu wakazomea kwa nguvu zaidi, na Bukuru akaita kwa nguvu zaidi. "Toka! Rudi nyuma! Niachie, niachie!" Mabeki wote wanne walikuwa wanamsikiliza, na hakuna mpira ulioingia tena. Tulisawazisha. Ndipo mawe yakaanza. La kwanza lilipiga mwamba wa goli. Kashindi alikimbia akasimama mbele ya Bukuru, kisha mabeki wengine, kisha timu nzima ikapanga ukuta kama wanangoja kupigiwa faulo. Niliingia na mimi. Jiwe lilinipata begani, na bega hili hadi leo linanitabiria mvua. Mwamuzi akavunja mchezo.

Jioni prezida akanitumia ujumbe: nisikanyage tena teren ya mji. Nikamjibu kwa mjumbe yule yule kwamba teren si shamba la baba yake.

Siku chache baadaye chuo cha Bukavu kikaita wachezaji kwa majaribio. Nilipewa ruhusa ya kupeleka wawili, nikawachukua Bukuru na Kashindi. Tulipanda kamiyo iliyobeba mafuta ya mawese na mihogo, sisi juu ya mizigo pamoja na akina mama wafanyabiashara. Barabara ya bondeni ilikuwa na vizuizi vya askari, na kila askari na mkubwa wake. Kabla ya kizuizi kibaya kuliko vyote, dereva akasimamisha, akaja nyuma.

"Mama, huyu mutoto nitasema ni bubu. Asifungue kinywa, tafazali. Nina watoto."

Sikumkatalia. Nilikuwa na hofu, na nisiseme uongo, nilikuwa ninatamani kuvuka tu. Tulipofika, askari mmoja kijana akapanda ngazi ya kamiyo, anauliza kila mtu anatoka wapi, anakwenda wapi. Kashindi akajibu. Mimi nikajibu. Ikafika kwa Bukuru, dereva akapaza sauti kutoka chini:

"Huyu ni bubu, shefu!"

Askari akamtazama Bukuru. Bukuru akanitazama mimi. Niliona kifua chake kinapanda kama pale goli lilipoingia, na nikajua. Sikuweza kumzuia, na sehemu moja ya moyo wangu haikutaka.

"Minye si bubu," akasema. "Ninaitwa Bukuru. Natoka Kiringye, baba yangu anarima kure. Minye ni gardien, naenda kuchaguriwa Bukavu."

Kila "r" yake ilianguka kama tofali. Askari akasema:

"Shuka."

Bukuru akaanza kushuka. Kashindi akachukua mfuko wake.

"Weye nimekuita?" askari akamuuliza.

"Minye ni beki yake. Akishuka, na minye ninashuka."

Nami nikasimama, nikakaza kitenge changu kiunoni. "Minye ni mwalimu yao. Ni Mfuliiru, ninatoka Lemera, na hawa wawili ni watoto wangu wote. Ukishusha mumoja, umetushusha sisi wote."

Nilitegemea kofi. Badala yake nyuma yangu mama mmoja mnene, muuza mawese ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akajiinua kwa taabu.

"Nisaidieni, na minye nishuke. Mugongo unaniuma na hizi bidon za mafuta. Kama bwana anataka tukae hapa, tukae. Atatupikia."

Mwingine akafuata. Kisha mwingine, na kuku wake. Kamiyo nzima ilikuwa inashuka, akina mama wanapeana mikono, wanalalamika jua, wanauliza kivuli kiko wapi, choo kiko wapi. Askari aligeuka huku na huku. Mkubwa wake akatoka kwenye kibanda, akaona kundi lile lote barabarani, akamuuliza anafanya nini na wanawake wote hawa. Kijana akamwonyesha Bukuru. Mkubwa akamtazama Bukuru kuanzia juu hadi chini, akamvua viatu vyake vya kuchezea mpira, vile ambavyo shangazi yake alivitafuta kwa tabu, akavitia kwapani.

"Pandeni. Haraka, kabla sijabadilisha mawazo."

Tukaenda kilometa nyingi. Kisha yule mama wa mawese akamgeukia Bukuru. "Mwanangu, una sauti. Lakini siku nyingine nipe habari mbele, nivae viatu vizuri vya kushukia."

Kule chuoni Bukuru alicheza na viatu vya kuazima, vikubwa, tumevijaza vitambaa mbele. Alifungwa mapema, mpira wa kuteleza ambao siku zote angeushika. Wavulana wa Bukavu wakaanza kumwiga anavyosema. Yeye akaendelea kuita, na baada ya muda walinzi wale wale waliokuwa wanamwiga walikuwa wanakwenda anakowaambia, maana walikuwa wameona kwamba anaona. Mwalimu wa chuo, mtu mfupi mwenye filimbi, akanisogelea.

"Huyu wako anapiga makelele sana."

"Ndiyo," nikasema. "Unajua imetugharimu nini?"

Hakujua, na sikumweleza. Alirudi kutazama. Mwishoni aliita majina, na la Bukuru lilikuwa la kwanza. La Kashindi halikuwemo. Nilimtetea Kashindi mpaka mtu yule akachoka na mimi, lakini hakubadilika. Kashindi ndiye aliyembeba Bukuru mabegani kuzunguka kiwanja, halafu akaenda nyuma ya choo akalia peke yake. Nilimfuata, nikasimama tu karibu naye. Leo ni fundi wa injini za mitumbwi hapa hapa mjini, na mtu akisema vibaya habari za Barundi karibu na karakana yake, hiyo injini haitengenezwi.

Bukuru alipata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, akaingia chuo, akawa mwalimu. Kuja Uvira hakuweza kwa miaka kadhaa. Mimi nilirudi na kukuta mlango wangu umeandikwa matusi kwa mkaa. Niliusafisha, nikachukua mipira yangu, nikahamia ufukweni, kwa kuwa ufukwe hauna prezida. Watoto wakanifuata, wa Kifuliiru, wa Kirundi, wa Kibembe, wa Kivira. Niliwakubali wote wenye miguu.

Amani ilipokuja kidogo, Bukuru alirudi wakati wa likizo, ana ndevu, akawa ananisaidia na makipa. Asubuhi moja nikamwona mtu anakuja juu ya mchanga, amemshika mtoto mkono. Ni prezida.

"Mwalimu Nabintu," akasema bila kunitazama machoni, "kijana wangu anapenda goli. Batu banasema hakuna anayefundisha gardien kuliko weye."

"Leo simfundishi mimi," nikamwambia, nikamwonyesha Bukuru kwa kidole. "Anafundisha yule."

Alimtambua. Niliona anamtambua. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, maneno ya miaka, makali. Bukuru akanitangulia. Alimpa prezida mkono, akamwamkia kwa heshima kama anavyomwamkia kila mtu mzima, akamchukua mtoto, akamsimamisha kati ya mawe mawili, akampigia mpira wa kwanza. Mtoto akaukosa. Mpira ukapita, ukaruka, ukaingia majimajini kwenye matete.

Bukuru akageuka.

"Baba," akamwita prezida, kwa sauti iliyofika mbali, "mupira uko kure, upande wa kuria."

Prezida akageuza macho upande wa kulia, kwenye matete. Kisha akainama, akavua vile viatu vyake vya kung'aa, akakunja suruali, akaingia ziwani kuutafuta.